Kadi Yenye Feni Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imeganda tena. Mke wangu alikuwa anazungusha kabati la jikoni kwenye skrini, likafika nusu likagoma. Mlango mmoja uko mbele, mwingine haujulikani umeenda wapi. Akasubiri. Akaenda kupika chai, akanywa, akarudi. Kabati lilikuwa palepale.

Si kompyuta mbaya. Tuliinunua mtoto wetu wa kwanza alipoanza shule, na sasa huyo mtoto ana ndevu na kazi mji mwingine. Miaka yote hiyo imekaa kona ya sebule, jirani na kiti cha mama mkwe, na haijawahi kututupa. Lakini siku hizi mke wangu anachora. Anamchorea seremala wa mtaa wa pili: yeye anachora makabati, seremala anakata mbao, wateja wanamshukuru seremala. Sasa kuna meneja wa hoteli anataka makabati mapya vyumba vyote. Amekubali kuja hapa nyumbani Jumamosi kuona michoro. Na hataki ya karatasi. Anataka kuona chumba kizima kikizunguka, milango ikifunguka, droo zikitoka. Akipendezwa, kazi ni ya mke wangu, kwa jina lake mwenyewe. Seremala ndiye atakayefanya kazi chini yake.

Mke wangu anasema tunahitaji kadi ya picha, kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta kubeba mzigo wa michoro. Sawa. Halafu akasema atamuuliza shemeji.

Shemeji! Mdogo wake wa kiume. Tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani, wala si kwa sababu nyingine. Mwaka jana alitengeneza rimoti yetu kwa kugeuza betri, na hadi leo mama mkwe anamsimulia kila mgeni. Nikasema ya nini kumsumbua mtu wakati mwenye nyumba nipo. Nikasema mimi ni mtunza ghala, mabomba na vali za kila aina zinapita mikononi mwangu, siwezi kushindwa na kibao. Mke wangu akanitazama kidogo. Kisha akanipa bahasha ya hela zake na maelekezo aliyopewa na Profesa kwa simu. Kwanza niangalie pawa saplai, lile boksi la umeme, kama lina uwezo. Halafu nipime nafasi. Halafu nichukue kadi ndogo, isiyotaka waya wa ziada.

Ndogo. Ndivyo alivyo yule mtu. Kila kitu kwake ni kidogo.

Siwezi kutulia. Nimezunguka sebule mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumanne, 4 Machi

Kazini nimesema naumwa jino. Nikaenda duka la kompyuta zilizotumika. Muuzaji ni mtu mpole, mezani ana kikombe kimejaa skrubu. Akauliza kadi ya kazi gani. Nikasema ya makabati. Akatoa kibao kidogo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hakina feni wala taa. Akasema hiki kinatosha kabisa. Akauliza pawa saplai yangu ina nguvu kiasi gani. Nikasema ni nzuri. Akauliza tena. Nikasema haijawahi kulalamika.

Halafu nikaiona. Rafu ya juu kabisa. Nyeusi, ndefu kama mkate mzima, feni tatu, na ubavuni taa zinazobadilika rangi. Kwenye boksi lake kuna picha ya gari jekundu likikata kona, vumbi linatimka. Nikasema nataka ile.

Niseme tu. Profesa ana gemu ya magari kwenye kompyuta yake, na kila tukimtembelea ananishinda mbele ya wote. Kwa kadi ile asingenishinda tena. Lakini hiyo siyo sababu! Sababu ni kwamba kadi inayoweza kubeba gari lililo kwenye mwendo haiwezi kushindwa na kabati lililosimama. Hata mtoto anaelewa hilo.

Muuzaji akanionya kuwa ile inakula umeme sana. Nikamwambia kwetu umeme haujakatika wiki nzima. Akaanza kuifunga. Bahasha haikutosha, nikaongezea baiskeli yangu. Nimerudi kwa miguu. Mke wangu nimemwambia nimeamua kutembea kwa ajili ya afya. Alifurahi sana. Nikajisikia vibaya kidogo, kisha ikapita.

Boksi la gari jekundu nimelificha kabati la chumbani, nyuma ya mablanketi. Hakuna haja ya kuleta maswali.

Jumatano, 5 Machi

Kadi haiingii. Nimeipindua, nimeiinamisha, nimeibembeleza. Ndani ya sipiyu, lile sanduku lenyewe la kompyuta, kuna kizimba cha chuma cha kushikilia diski, na ndicho kinachoziba njia. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nikaleta msumeno wa chuma. Mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti chake kama kompyuta huwa zinakatwa. Nikamwambia hizi za siku hizi, ndiyo. Sasa diski imelala chini juu ya kitambaa, na nadhani inapata hewa zaidi. Chenga za chuma nimezipuliza. Nyingine zimeingia ndani zaidi, lakini hazionekani.

Kadi inataka waya wake wa umeme. Pawa saplai haina. Muuzaji alinipa kiunganishi, kwa hiyo nikachukua waya wa sehemu ya kuwekea CD. CD zenyewe nani anazitumia? Mfuniko wa sipiyu haufungi tena, maana kadi imechomoza nje kidogo. Nimeuegemeza ukutani.

Ukabaki waya wa skrini. Kichwa chake ni kipana, cha bluu, kina skrubu mbili. Matundu ya kadi mpya ni membamba, hakuna hata moja linalolingana nacho. Nilisimama nikafikiri. Nyuma ya sipiyu, chini ya kadi, tundu la zamani la bluu lipo palepale. Nikauchomeka humo. Sipiyu ni moja, umeme ni mmoja, picha yenyewe itajua pa kupita.

Nikapangusa skrini kwa kitambaa cha sabuni, maana ilikuwa na vumbi la miaka na alama za vidole vya wanetu wote. Nikawasha.

Feni tatu! Taa! Sebule ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa bluu. Na picha, jamani! Rangi zimekolea, maandishi yamesimama. Nikamwita mke wangu. Akatazama, akasema kweli, panang'aa. Mama mkwe akasema sasa anaona hata bila miwani. Nikatembea sebuleni mikono nyuma. Leo nimejiona mtu ndani ya nyumba yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Jino limenisaidia tena. Mke wangu alipokwenda karakana ya seremala, nikapakua gemu ileile ya magari ya Profesa, nikaijaribu. Gari lilikuwa linaruka badala ya kukimbia. Likasimama, likaruka, likasimama. Nimechunguza nikagundua tatizo ni barabara. Waliotengeneza gemu ile wametengeneza barabara mbovu.

Jioni akaja Profesa. Hakualikwa, alisikia tu. Akainama mbele ya skrini, pua karibu iguse kioo. Nilimjua anatafuta kasoro. Hakuiona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikamuuliza anaonaje. Hatimaye akasema vivuli vimetulia.

Vivuli! Mimi sikuwa nimeviona vivuli. Nikasema hata mng'ao wa vitasa ni mwingine. Akasema mng'ao alikuwa ameshauona, ila alitaka kuanza na vivuli. Nikasema na nyuzi za mbao je. Akasema nyuzi hadi unaweza kuzihesabu. Mama mkwe naye akasema anaona mvuke ukitoka kwenye birika. Kwenye mchoro ule hakuna birika.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni. Akaomba apishwe. Akalizungusha kabati. Likafika nusu, likagoma.

Nikasema kadi mpya lazima iizoee nyumba kwanza. Nilijua Profesa atanirukia. Hakunirukia! Akasema ni kweli, huwa zinachukua muda. Angefanyaje? Angenipinga ingebidi avirudishe vivuli vyake. Akaweka programu ya kadi kwa kuigusagusa kibodi kama daktari, akaaga. Ni mara ya kwanza tumekubaliana tangu nimuoe dada yake. Nasikia kutoka hapa alipitia lile duka kuulizia yenye feni nne.

Ijumaa, 7 Machi

Haijazoea.

Mke wangu amejaribu asubuhi, amejaribu alipotoka sokoni. Chumba cha hoteli kinafunguka vizuri kikiwa kimesimama. Ukikizungusha tu, kinaganda. Mimi nimeinuka, nimekaa, nimeinuka. Nimeisogeza sipiyu dirishani ipate hewa. Nimeirudisha. Nimebonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Nikapendekeza kesho meneja akae mbali kidogo, karibu na mlango, na mke wangu awe anazungumza wakati kabati linafikiri. Hakucheka.

Akazima skrini. Akakigeuza kiti chake kunielekea.

"Baba Watoto, niambie ukweli. Hiki kitu umekichagua kwa ajili ya kazi yangu, au kwa ajili ya magari yako?"

Nikasema ni kwa ajili ya kazi yake. Nilisema haraka mno. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Miaka yote nachora mimi, jina linaandikwa la mwingine. Kesho nataka liwe langu. Sitaki kingine."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni, baiskeli, boksi, gari jekundu, yote. Niliona haya, na nilimpenda sana pale alipokaa, na penseli yake nyuma ya sikio. Ilibaki kufungua mdomo tu.

Badala yake nikaenda kuchomoa friji. Huenda ndiyo inayoinyang'anya kompyuta umeme. Nikachomoa na taa ya mama mkwe. Nikapiga marufuku pasi mpaka Jumamosi jioni. Mke wangu amekwenda kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Maziwa yameharibika. Mama mkwe ameyanywa hivyohivyo huku akinitazama.

Meneja akafika na seremala. Ni mama mtulivu, anaongea polepole, mkoba wake mkubwa ukakaa kwenye kiti cha peke yake. Profesa naye akatokea amevaa tai. Mama mkwe akamhadithia meneja habari ya rimoti, kuanzia mwanzo. Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la kijani.

Akawasha. Chumba kikaja, kizuri kweli. Akakizungusha. Kikaganda. Nusu kabati, nusu ukuta.

Tukangoja. Feni zilivuma, taa zikawa zinampaka meneja uso, mara nyekundu mara kijani. Nikasema inafikiri. Profesa akamwomba meneja aangalie vivuli. Meneja akasema yeye anaona nusu ya kabati. Na hapo seremala akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi zilizokunjwa. Michoro ya mke wangu! Ileile ya vyumba vya hoteli, aliyomwachia karakana ili akadirie mbao. Na pembeni, kwa kalamu, jina la seremala.

Mke wangu aliiona. Akainuka, akaenda nyuma ya meza, akainama. Akakaa huko kitambo.

"Nani amechomeka waya wa skrini hapa?"

Profesa alikuwa anakagua dari.

"Huu uko kwenye tundu la zamani," akasema. "Kadi haijaunganishwa na chochote. Siku zote hizi tunaangalia kompyuta yetu ileile, mmepangusa skrini tu."

Jamani. Vivuli! Mng'ao! Nilitamani sakafu ifunguke. Mama mkwe pekee ndiye aliyeshikilia kwamba mvuke aliuona.

Sasa mke wangu akawa mtu mwingine. Akachomoa waya wa king'amuzi kwenye televisheni, wenye kichwa chembamba. Akamwambia Profesa akamate sipiyu huku, mimi niinue televisheni kule. Mwisho mmoja wa waya kwenye kadi, mwisho mwingine kwenye televisheni. Akawasha upya.

Na chumba kikazunguka! Kwenye televisheni nzima, laini kabisa, milango ikafunguka yote, droo zikatoka na kurudi. Meneja akasogeza kiti. Akaomba aone chini ya kitanda, mke wangu akampeleka chini ya kitanda. Akaomba aone kukiwa na mwanga wa jioni, akampa jioni. Karatasi za seremala zikarudi nusu kwenye koti. Mimi nilimchoma Profesa kiwiko cha mbavu. Nani alisema ndogo inatosha?

Kisha nikasikia harufu. Kama plastiki kwenye jiko. Kadi ilikuwa imeanza kazi kwa mara ya kwanza, na pawa saplai imegundua hilo. Ukatokea mlio, pu, kama mfuko wa karatasi uliopasuliwa. Moshi. Televisheni nyeusi. Feni zikazunguka kidogo kwa mazoea, zikasimama. Profesa akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pawa saplai aliitaja mwanzo kabisa.

Seremala akazikunjua karatasi zake zote.

"Mama, naomba uje chumbani kwangu," mke wangu akamwambia meneja.

Tukaandamana wote, hata mama mkwe. Kabati letu la nguo ndilo la kwanza alilowahi kuchora, lina mlango unaoteleza nyuma ya mwenzake ili usile nafasi ya kitanda. Meneja akaufungua na kuufunga. Akapitisha kidole kwenye pembe. Akavuta mablanketi aone ulivyo mgongo wa kabati, na boksi likaangukia miguuni pake. Gari jekundu, vumbi linatimka.

Mke wangu akalitazama boksi. Halafu akanitazama mimi. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Meneja akaliruka boksi, akamuuliza seremala nani alibuni mlango huu. Seremala akakohoa. Akaangalia karatasi mkononi mwake, akaangalia mlango. Akasema ni huyu mama. Na hizi je? Akasema na hizi pia.

Basi wamekubaliana. Mke wangu aanze na chumba kimoja, Jumatatu aende kupima, kikipendeza atapewa vyote. Kwa jina lake. Wakati wa kuondoka mke wangu alikuwa bado chumbani anarudisha mablanketi, mimi ndiye nikamsindikiza meneja mpaka getini. Akanitania kwamba angalau yetu imezimika kwa kishindo, maana kompyuta ya mapokezi hotelini kwao huzimika kimyakimya, wageni wakiwa wamejipanga foleni.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba imetulia. Mke wangu ananisemesha mambo ya chumvi na mlango tu. Profesa amemwazima kompyuta yake, akaomba na nafasi ya kumshauri ya kununua, akajibiwa kwamba safari hii atasoma na kuchagua mwenyewe. Mimi nimekatazwa kuigusa iliyoazimwa, hata kuipangusa vumbi. Nimekubali. Nimestahili. Nimeosha vyombo vyote, na vilivyokuwa safi pia.

Mchana akaja jikoni, akasimama mlangoni. Akasema:

"Kesho nahitaji mtu wa kushika ncha ya tepu. Uje wewe. Ushike ncha, basi."

Nimepiga pasi shati. Nimepiga pasi suruali. Nimemuahidi, na nimejiahidi mwenyewe, kwamba kesho mimi ni ncha ya tepu tu, nitasimama pale nitakapowekwa.

Ila nimekaa nikafikiri vizuri. Kilicholipuka ni pawa saplai. Kadi yenyewe haina kosa. Nimeitoa, nimeigeuza, haina hata mkwaruzo. Na chumba cha kupimwa kiko ghorofa ya juu, na mapokezi yako chini. Na mtu anayepima haandiki huku amevuta tepu. Kuna vipindi ncha haishikwi na mtu.

Nimeifunga kadi kwa taulo, nimeilaza chini kabisa ya mkoba, tepu juu yake. Nitafungua ile kompyuta ya mapokezi tu, moja basi. Akishuka atakuta wageni wote wameshahudumiwa, na meneja anamshukuru kwa kuolewa na mtu kama mimi.